Ils partent si "parti": kugawa silabi za vitenzi vya Kifaransa na kuvitamka

Kitenzi partir, kuondoka, kina maumbo mawili ambayo kila anayefanya kazi na wageni hapa Unguja huyahitaji kila asubuhi: le bateau part, boti inaondoka, na les bateaux partent, boti zinaondoka. Kwenye karatasi umbo la pili limezidi kwa herufi tatu. Mdomoni yote mawili ni silabi moja moja: part ni [par], partent ni [part]. Wingi wote wa kitenzi umebebwa na t ya mwisho, ambayo haifuatwi na irabu yoyote.

Msemaji wa Kiswahili akiikuta partent huisoma par-tent, silabi mbili. Akishaambiwa kwamba -ent haitamkwi, huiacha, lakini ile t haimtoki bila kuimalizia kwa i ndogo: parti. Na parti ni umbo jingine la kitenzi hichohicho: il est parti, ameshaondoka. Mgeni anayetaka kwenda Changuu akisikia hivyo ataelewa kwamba boti imemwacha.

Kosa hili halitokani na uvivu wala na ugumu wa ulimi. Linatokana na hesabu ya silabi. Kifaransa kina hesabu mbili, moja ya kalamu na moja ya sikio, na vitabu vingi vya manyambuliko huonyesha ya kalamu peke yake. Anayejifunza hukariri je parle, tu parles, il parle, ils parlent kama maumbo manne, ilhali sikioni ni umbo moja tu, [parl], silabi moja.

Kwa Kiswahili mambo hayo mawili hayaachani. Tunaandika tunavyotamka, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: a-na-o-ndo-ka, silabi tano kwa jicho na tano kwa sikio. Ndiyo maana mtunzi wa shairi anaweza kuhesabu mizani kwa kuangalia karatasi, nane kwa nane, bila kufungua kinywa. Kifaransa hakihesabiki hivyo. Neno lenye irabu nne za kuandikwa linaweza kuwa na silabi moja, na kitenzi kimoja kinaweza kuwa na silabi mbili leo kikizungumzwa haraka, tatu kesho kikisomwa taratibu.

Matamshi katika makala haya yamewekwa ndani ya mabano ya mraba kwa herufi zetu za kawaida, isipokuwa chache tulizolazimika kuongeza. [é] ni e ya midomo iliyokaza, karibu na i. [È] ni e iliyo wazi, karibu sana na e yetu. [ə] ni e hafifu inayotoka katikati ya kinywa. [ü] na [ö] tutazieleza mbele. [ã], [õ] na [ẽ] ni irabu zinazopitia puani. [zh] ni sh iliyotiwa sauti ya koo.

Tuanze na miishio, kwa sababu ndiyo inayodanganya jicho kuliko kitu kingine. Katika vitenzi, -e, -es na -ent za mwisho haziongezi silabi. Vilevile -s, -t, -d na -x za mwisho hazitamkwi: je finis na il finit zote ni [fi-ni], il vend ni [vã], je veux ni [vö]. Miishio -ais, -ait na -aient ni sauti moja, [è], kwa hiyo je parlais, il parlait na ils parlaient zote ni [par-lè]. Na -er, -ez, -é, -ée, -és ni sauti moja pia, [é]: parler, parlez, parlé na parlées huwezi kuzitofautisha kwa sikio, ni [par-lé] tupu. Hata Wafaransa wenyewe huzikosea wanapoandika, kwa sababu hiyohiyo.

Hapa kuna mtego wa kuangaliwa. Ukimya wa -ent ni wa nafsi ya tatu wingi peke yake. Il vient, il tient, il ment na il sent ni umoja. Ile -ent ni sehemu ya mzizi na inatamkwa puani: [vyẽ], [tyẽ], [mã], [sã]. Nomino, vivumishi na vielezi navyo vinaitamka: content, mwenye furaha, ni [kõ-tã], lakini ils content, wanasimulia, ni [kõt]. Le président ni [pré-zi-dã]. Ils président, wanaongoza kikao, ni [pré-zid]. Njia ya kujua ni kutafuta mtenda: kama nyuma yake yupo ils, elles au nomino ya wingi, na neno lenyewe ni kitenzi, -ent inanyamaza.

Sasa turudi kwenye konsonanti ya mwisho, maana ndipo msemaji wa Kiswahili anapopoteza zaidi. Kwa vitenzi vya -er, umoja na wingi wa nafsi ya tatu vinafanana sikioni. Kwa vitenzi vingine vingi, umoja huishia kwa irabu au kwa konsonanti moja, na wingi huongeza konsonanti ya kufunga:

il finit [fi-ni], ils finissent [fi-nis]
il vend [vã], ils vendent [vãd]
il dort [dor], ils dorment [dorm]
il met [mè], ils mettent [mèt]
il sait [sè], ils savent [sav]
il doit [dwa], ils doivent [dwav]
il écrit [é-kri], ils écrivent [é-kriv]

Il na ils hapa hutamkwa sawasawa, [il]. Kwa hiyo konsonanti hiyo ya mwisho ndiyo dalili pekee ya wingi. Usipoitamka umesema umoja. Ukiitia irabu umeongeza silabi isiyokuwapo. Irabu tunayoitia tunaijua, maana ndiyo iliyotupa maneno ya mkopo: baada ya konsonanti za midomo huja u, kama timu, jamu na kilabu, baada ya nyingine huja i, kama koti, basi na benki. Sikiliza mwanafunzi wa miezi ya mwanzo na utasikia utaratibu uleule: ils dorment inakuwa "dormu", ils savent inakuwa "savu", ils finissent inakuwa "finissi", ils mettent inakuwa "metti". Konsonanti hiyohiyo ya kufunga hubeba pia umbo linalokuja baada ya il faut que: il part, anaondoka, lakini il faut qu'il parte [part], lazima aondoke. Kuikosa ni kuharibu mambo mawili kwa pamoja.

Dawa tunayo nyumbani. Mzanzibari anayemwita mtu Khamis au Salim hamalizii kwa irabu. S na m zinafunga neno na midomo inabaki palepale. Aliyepita chuoni akasoma msahafu kwa tajwidi anajua zaidi, kwa sababu amefundishwa sukuni: konsonanti isiyokuwa na irabu, na kisimamo kinachoacha irabu ya mwisho. [fi-nis] ni s yenye sukuni. [vãd] ni d yenye sukuni, na ule mdundo mdogo wa qalqala unaopewa d unafaa hapa kabisa, maana Mfaransa huiachia konsonanti yake ya mwisho isikike, haimezi. Zoezi linalosaidia ni hili: tamka Khamis, kisha [nis], kisha [fi-nis], bila kupumzika katikati. Ukimaliza, hesabu kwa vidole. Kidole cha tatu kikiinuka, umeongeza i.

Makundi ya konsonanti mwanzoni mwa silabi hayasumbui sana, kwani watu wanaosema skuli, blanketi na programu tayari wana [sk], [bl] na [pr]. Konsonanti ya kufunga katikati ya neno nayo tunayo kwa maneno kama labda na daftari. Tatizo ni mwisho wa neno, hasa zinapokuja mbili pamoja, kama [parl] na [dorm]. Kwa hizo ni bora kuanza na kishazi ambacho neno linalofuata linaanza kwa irabu, ili konsonanti ya mwisho ipate pa kuegemea: ils dorment ici, wanalala hapa, hutamkwa [il-dor-mi-si]. Ikishazoeleka hapo, ondoa ici na uache m ifunge.

Suala la silabi wazi, inayoishia kwa irabu, na silabi funge, inayoishia kwa konsonanti, lina faida kubwa kuliko matamshi peke yake. Ndilo linaloeleza kwa nini vitenzi fulani hubadilika katikati, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikariri kama maafa bila sababu. Angalia appeler, kuita. Nous appelons huandikwa ap-pe-lons. E ya silabi ya pili iko katika silabi wazi, kwa hiyo ni [ə], tena kwa kawaida hudondoka: [nu-za-plõ]. Njoo kwa j'appelle. Mwishio umenyamaza, l haina tena irabu ya kuifuata, inarudi nyuma kufunga silabi: [pèl]. Na Kifaransa hakikubali [ə] ibebe silabi funge ya mwisho, kwa kuwa silabi hiyo ndiyo yenye mkazo na [ə] haina nguvu ya kuubeba. Lazima igeuke kuwa è. Maandishi yanaonyesha mgeuko huo kwa njia mbili: kurudufu konsonanti, kama j'appelle na je jette, au kuweka alama juu ya e, kama j'achète, je lève, je mène, je pèse. Sababu ni moja na sauti ni moja.

Vitenzi kama préférer na espérer hufanya vivyo hivyo kwa é: nous préférons [pré-fé-rõ], je préfère [pré-fèr]. Silabi ikiwa wazi ni é, ikifungwa ni è.

Kwa hiyo wakati uliopo wa vitenzi hivi una sura mbili tu. Je, tu, il na ils wana miishio ya kimya, basi mzizi unafungwa na irabu inabadilika. Nous na vous wana miishio inayosikika, [õ] na [é], basi mzizi unabaki wazi. Mgawanyo huohuo utaukuta kwa je veux na nous voulons, je peux na nous pouvons, je meurs na nous mourons, je viens na nous venons. Hizi za mwisho zilianzia kwenye Kilatini, ambako mkazo uliangukia mzizi katika nafsi nne na kiishio katika nafsi mbili, na irabu zilizokazwa zikaenda njia yao. Anayejifunza Kifaransa afanye mazoezi kwa jozi, je na nous, badala ya kushuka orodha ya nafsi sita. Nafsi mbili hizo zikikaa mdomoni, nyingine zinafuata, isipokuwa kwa vitenzi ambavyo ils ana konsonanti yake ya kufunga, na hizo tumeshaziona.

Marekebisho ya tahajia ya 1990 yaliruhusu è katika karibu vitenzi vyote vya -eler na -eter, kwa mfano il étincèle kando ya il étincelle ya zamani, yakaacha appeler na jeter pamoja na jamaa zake vikiwa na konsonanti mbili. Matamshi hayakuguswa.

Irabu za puani nazo ni suala la mpaka wa silabi. Irabu ikifuatwa na n au m katika silabi hiyohiyo, hewa hupitia puani na n yenyewe haitamkwi. N ikipata irabu ya kuitumikia, au ikirudufiwa, inahama kwenda silabi ya mbele au inafunga kama n kamili, na irabu inarudi kinywani:

il vient [vyẽ], nous venons [və-nõ], ils viennent [vyèn]
il prend [prã], nous prenons [prə-nõ], ils prennent [prèn]

Hapo umoja na wingi vinatofautiana kwa irabu na kwa konsonanti, kwa hiyo mwanafunzi ana nafasi mbili za kueleweka. Kosa la kawaida kwetu ni kufunga irabu ya puani kwa ng' ya ng'ombe: "parlong'", "venong'". Ulimi ukigusa nyuma ya kinywa, umeshakosea. [Õ] ni irabu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa aliyesoma tajwidi kuna njia fupi: ikhfaa, pale nuni yenye sukuni inapofichwa mbele ya herufi kama ta, dali na sini, sauti ikabaki puani na ulimi usiguse. Chukua sauti hiyo, ifupishe isizidi urefu wa irabu ya kawaida, na utakuwa karibu sana na vendent na sentez. Tahadhari na vitenzi vinavyoanza kwa emm- na enn-: vingine hubaki puani ingawa konsonanti ni mbili. Emmener, kumpeleka mtu mahali, ni [ãm-né], na ennuyer ni [ã-nüi-yé].

E hafifu, ambayo wengi huiita e bubu, ndiyo inayovuruga hesabu ya silabi kila siku. Kanuni inayotosha kwa kazi nyingi ni ya konsonanti tatu, iliyoelezwa na mwanaisimu Maurice Grammont: e bubu hudondoka kama kudondoka kwake hakukusanyi konsonanti tatu pamoja. Acheter huandikwa a-che-ter, silabi tatu, lakini nyuma ya e kuna [sh] moja tu, basi inadondoka: [ash-té], mbili. Je donnerai, nitatoa, inakuwa [don-ré]. Je chanterai ni [shã-tré]. Lakini je parlerai ina r na l nyuma ya e, na r mbele yake. Ikidondoka zitabanana tatu, basi inabaki: [par-lə-ré]. Vivyo hivyo vous fermerez [fèr-mə-ré] na vous montrerez [mõ-trə-ré]. Nous prenons haiwezi kupoteza e yake, kwa kuwa [pr] tayari ni mbili, ilhali nous venons kwa mazungumzo ya haraka huwa [nu-vnõ].

E bubu iliyofuata irabu haitamkwi kamwe: je jouerai ni [zhu-ré], je crierai ni [kri-ré], je paierai ni [pè-ré]. Wala e iliyowekwa baada ya g haihesabiwi. Nous mangeons ni [mã-zhõ], silabi mbili, na ile e imewekwa ili g isisomwe kama g ya gari mbele ya o. Hicho ndicho kinachofanyika pia kwa alama iliyo chini ya c katika nous commençons [ko-mã-sõ].

Nous faisons ni ya kukariri peke yake. Imeandikwa ai, lakini husomwa kwa [ə]: [fə-zõ]. Je faisais ni [fə-zè]. Kuitamka "fè-zõ" ni alama ya mtu aliyejifunza kwa macho.

Jambo jingine la kuangalia wakati ujao ni r mbili za courir na mourir. Je courais, nilikuwa nikikimbia, ni [ku-rè]. Je courrai, nitakimbia, ni [kur-ré], r ya kwanza ikifunga silabi na ya pili ikifungua inayofuata. Kwa kawaida konsonanti zilizorudufiwa katika maandishi hutamkwa moja tu: donner ni [do-né], appeler haina p mbili. Hapa zinatamkwa zote mbili kwa sababu wakati wote wa kitenzi unategemea hizo.

Silabi zenye viyeyusho, yaani sauti za w na y, ndizo rahisi kwetu. Nous parlions ni [par-lyõ], vous étudiez ni [é-tü-dyé], je bois ni [bwa] kama mwanzo wa bwana, ils voient ni [vwa], je viens inaanza kwa vy ya vyetu. Gn ni ny yetu: gagner ni [ga-nyé]. Ill katika vitenzi vingi ni y: je travaille [tra-vay]. Kikwazo kimoja tu: i ikitanguliwa na konsonanti yenye l au r baada yake, haiwezi kuyeyuka, kwa hiyo inapata silabi yake. Oublier ni [u-bli-yé], silabi tatu; vous voudriez, mngependa, ni [vu-dri-yé], tatu pia, wakati vous vouliez ni [vu-lyé], mbili.

Irabu mbili ambazo Kiswahili hakina zinahitaji mazoezi ya mdomo. Kwa [ü], tamka i, ulimi ubaki hapohapo, kisha viringa midomo kana kwamba unasema u. Usipofanya hivyo, vu, lililoonekana, litakuwa vous, na bu, lililonywewa, litakuwa bout. Vitenzi vingi vya kila siku vina ü hiyo mwishoni mwa umbo la wakati uliopita: vu, lu, su, bu, venu, vendu. Kwa [ö], tamka é kisha viringa midomo vivyo hivyo. Ndiyo iliyo katika je peux na je veux. Ils peuvent na ils veulent zina ndugu yake iliyo wazi zaidi, kwa sababu ileile ya silabi kufungwa. Angalia pia j'ai eu, nilipata: eu hapo ni [ü] tupu, kwa hiyo ni [zhé-ü].

R ya Kifaransa hutoka nyuma ya kinywa, na hapa Mzanzibari ana mtaji kuliko wengi. Anayetamka ghali na ghorofa kwa gh yake kamili yuko karibu nayo mno. Alegeze tu msuguano. Baada ya p, t na k, sauti hiyo hupoteza ughuna, yaani mtetemo wa koo, na kukaribia kh ya Khamis, kama katika prendre na entrer.

Mpaka wa silabi hauheshimu nafasi kati ya maneno. Il aime hugawanywa [i-lèm], l ikihamia kwa kitenzi. Ils aiment ni [il-zèm], s ya ils ikifufuka kama z kwa sababu kitenzi kinaanza kwa irabu. Z hiyo ndiyo inayookoa wingi wa vitenzi vya -er: elle arrive [è-la-riv], elles arrivent [èl-za-riv]. Na ndiyo inayotenganisha ils ont, wana, [il-zõ], na ils sont, wao ni, [il-sõ]. Vous avez, mna, [vu-za-vé], na vous savez, mnajua, [vu-sa-vé]. Anayesema s mahali pa z amesema kitenzi kingine. Katika maswali ya kugeuza, d ya mwisho hutamkwa t: prend-il ni [prã-til]. Kama kitenzi hakina t, huingizwa: parle-t-elle [par-lə-tèl] au [parl-tèl].

Mkazo usichukuliwe kutoka nyumbani. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha, kwa hiyo parlez hutoka ikiwa na "paar" ndefu. Kifaransa hukaza silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno, na zilizobaki zote huwa na urefu sawa. Amri zinazotumika kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni mazoezi mazuri, kwani ni fupi na mkazo uko wazi: goûtez [gu-té], onjeni, sentez [sã-té], nuseni, regardez [rə-gar-dé], tazameni, suivez-moi [süi-vé-mwa], nifuateni, asseyez-vous [a-sé-yé-vu], kaeni. Enlevez vos chaussures, vueni viatu, huanza na [ãl-vé], silabi mbili, ingawa karatasini ni en-le-vez.

Umbo refu ligawanywe kwa utaratibu huu. Chukua ils achèteraient, wangenunua. Kwanza geuza mwishio kuwa sauti: -aient ni [è]. Pili, tafuta irabu zilizobaki: a, è, na e iliyo kati ya t na r. Tatu, pima hiyo e: nyuma yake ipo t moja, basi inadondoka, na t na r zinaungana kuwa [tr]. Nne, gawa ukiziweka konsonanti mbele ya irabu kadiri zinavyokubali kuanza neno: [a-shè-trè]. Tano, angalia neno lililotangulia: s ya ils inakuwa z. Jumla ni [il-za-shè-trè], silabi nne, mkazo kwenye [trè]. Nous commencerions inaonekana itapoteza e yake, lakini mbele yake kuna [ry], na s pamoja na hizo ni nyingi mno, kwa hiyo e inabaki: [ko-mã-sə-ryõ].

Mgeni kutoka Marseille au Toulouse anaweza kutamka e bubu ambazo mwenziwe wa Paris anaziacha, akasema [par-lə] kwa parle. Ni lahaja ya kusini, na anayejifunza asichanganyikiwe. Ushairi wa Kifaransa wa jadi nao huhesabu e bubu inayofuatwa na konsonanti: ils parlent bas, wanasema kwa sauti ya chini, ni silabi tatu mtaani na mizani nne ndani ya mstari wa mizani kumi na mbili.

Hesabu ya kalamu inabaki na kazi moja, kukata neno mwishoni mwa mstari, na anayechapa tangazo la hoteli au kipeperushi cha safari ataihitaji. Konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda mbele: fi-nir. Mbili hutengana: par-tir, don-ner, isipokuwa ya pili ikiwa l au r inayoshikana na ya kwanza: mon-trer, ou-blier. Ch, ph, th na gn hazikatwi: mar-cher, ga-gner. Haikatwi kati ya irabu mbili, wala kabla au baada ya y iliyo kati ya irabu, hivyo payer haigawanywi. Parle-t-il ikibidi kukatwa, hukatwa kabla ya t, na t-il ndiyo inayoanza mstari wa pili.